Uzoefu wangu na orodha za ubora wa magari mapya: ipi ya kuamini, na kwa kiasi gani

Kabla hujatazama nani ameshika namba moja, tafuta jambo moja: gari lilikuwa na umri gani mwenye gari alipoulizwa? Nazitumia orodha hizi mara kwa mara kushauri wanunuzi, na swali hilo peke yake hupunguza uzito wa nyingi kati yake.

Nianze na ile inayotangazwa zaidi, utafiti wa ubora wa awali wa kampuni ya utafiti ya J.D. Power, maarufu kama IQS. Unafanyika Marekani tangu 1987. Wanaoulizwa ni walionunua au kukodi gari jipya, na maswali yanahusu siku 90 za kwanza. Majibu hugeuzwa kuwa idadi ya matatizo kwa kila magari 100, na namba ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Makosa ya kiwandani inayakamata vizuri: mlango usiofunga sawasawa, upepo unaovuma dirishani, rangi yenye dosari. Lakini gari linalouzwa likiwa na miaka 8 halijulikani kwa siku zake 90 za kwanza.

Udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba kila tatizo linahesabiwa moja. Simu inayokataa kuungana na redio ni tatizo moja, na giaboksi inayokufa barabarani nayo ni tatizo moja. Tena si lazima kitu kiwe kimeharibika. Kikifanya kazi kama kilivyobuniwa lakini dereva akakiona kigumu kutumia, kinaandikwa vilevile. Ford ilikuwa ya 5 mwaka 2010, ikaporomoka hadi ya 23 mwaka 2011. Sababu zilikuwa mbili, na hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni skrini ya MyFord Touch, iliyokuwa nzito na yenye kuganda. Hiyo ni programu, inarekebishika. Ya pili ni giaboksi mpya za klachi mbili, zilizokuwa zikitetemesha gari kwenye mwendo mdogo, na ugonjwa huo uliendelea kusumbua Fiesta na Focus kwa miaka. Namba ya jumla ilichanganya kero ya skrini na ugonjwa wa giaboksi kwenye chungu kimoja. Aliyesoma nafasi tu hakupata la maana. Aliyesoma sababu alipata onyo ambalo lingemwokolea fedha nyingi.

Usilinganishe pia miaka. Mwaka 2019 wastani wa sekta nzima ulikuwa 93, na mwaka 2020 ukawa 166. Magari hayakuharibika kiasi hicho ndani ya miezi 12. Kilichobadilika ni dodoso: liliandikwa upya, likawa na maswali 223, na mengi yaliyokuwa hayaulizwi kuhusu skrini na vifaa vya kumsaidia dereva yakaanza kuhesabiwa. Mwaka 2023 wastani ulifika 192. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba modeli fulani ilikuwa na 90 na sasa ina 150, muulize kwanza ni ya mwaka gani na dodoso lipi.

Halafu kuna suala la pengo kati ya nafasi na nafasi, na hapa ningependa tukae kidogo, maana ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Mwaka 2020 Dodge na Kia zilifungana kileleni kwa 136, na wastani ulikuwa 166. Tofauti ni 30 kwa magari 100, yaani 0.3 kwa gari. Chukua magari kumi ya kileleni na kumi ya wastani: haya ya pili yamezidi kwa malalamiko matatu hivi katika miezi mitatu, na huenda yote ni ya skrini. Hiyo ni tofauti kati ya bingwa na gari la kawaida. Kati ya aliye wa 8 na aliye wa 12 hakuna la kuzungumza.

Kwa modeli moja moja hali ni mbaya zaidi kwa sababu waliojibu ni wachache. Tuseme modeli imejibiwa na wamiliki 300 na imepata 180, yaani 1.8 kwa gari. Chukua kipeuo cha pili cha 1.8, kigawe kwa kipeuo cha pili cha 300: unapata 0.077, au karibu 8 kwa magari 100. Zidisha mara mbili, ndiyo kadirio la kawaida la wasiwasi wa sampuli: namba halisi inaweza kuwa popote kati ya 165 na 195. Ukilinganisha modeli mbili za namna hiyo, wasiwasi unapanda hadi karibu 22. Na hesabu hii ni ya huruma, kwa kuwa malalamiko huja kwa mafungu: mmiliki mmoja ana matano, mwingine hana hata moja. Ndiyo maana pengo la pointi 10 kati ya modeli mbili silipi uzito wowote.

Mfano unaoonyesha mipaka ya siku 90 ni Kia. Mwaka 2016 ilishika namba moja kwenye IQS kwa 83, na mwaka 2017 tena kwa 72. Mwaka huohuo wa 2017, Kia na Hyundai ziliita zaidi ya magari milioni moja yarudi kukaguliwa Marekani kwa sababu ya injini za Theta II. Vipande vya chuma vilivyobaki wakati wa kuchonga kranki vilikuwa vikiziba njia za oili, beringi za konrodi zinakosa oili, injini inaanza kunoki, kisha inajam. Magari yaliyoitwa yalikuwa ya miaka ya nyuma, 2011 hadi 2014 kwa modeli nyingi. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja: kiwanda kilikuwa kinatoa magari yaliyofungwa vizuri, na injini za miaka michache iliyopita zilikuwa zinakufa. Beringi huliwa taratibu kwa maelfu ya kilomita, na hakuna dodoso la miezi mitatu litakaloona.

J.D. Power wana utafiti mwingine, VDS, wa magari yenye miaka mitatu, unaouliza matatizo ya miezi 12 iliyopita. Huu nauamini kuliko IQS. Mwaka 2024 Lexus, chapa ya kifahari ya Toyota, iliongoza kwa 135, Toyota ilikuwa na 147, wastani 190. Tofauti hapo inaanza kuwa na uzito, na Lexus imerudia kushika nafasi hiyo miaka mingi. Kurudia huko kunanishawishi kuliko namba ya mwaka mmoja. Bado skrini na simu zinahesabiwa sawa na injini.

Ninayoifungua kwanza ni Consumer Reports. Ni shirika lisilo la faida lililoanzishwa 1936, linanunua lenyewe magari linayoyajaribu, halichukui matangazo, na kwa miaka mingi lilikataza kampuni kutumia matokeo yake kwenye matangazo. J.D. Power, kwa upande wao, huwauzia watengenezaji kibali cha kutumia nembo ya tuzo. Hilo halimaanishi kwamba tuzo inanunuliwa, ila linaeleza kwa nini kuna makundi mengi ya tuzo kiasi hicho. Consumer Reports pia huwauliza wanachama wake kuhusu matatizo wanayoyaona mazito kwa sababu ya gharama, kuharibika, usalama au gari kulala gereji. Swali hilo tu linachuja kero nyingi ndogo.

Namna ya kuisoma ndiyo kila kitu. Alama ya jumla ya kampuni iache. Fungua ukurasa wa modeli, tafuta safu za injini, giaboksi, mfumo wa kupoza na umeme, kisha zisome kwa miaka minne au mitano mfululizo. Mwaka mmoja mwekundu (matatizo mengi) katikati ya miaka ya kijani (matatizo machache) unaweza kuwa bahati mbaya ya sampuli. Miaka mitatu mfululizo kwenye safu ya giaboksi ni ugonjwa. Angalia sana mwaka ambao umbo au injini ilibadilishwa, kwa sababu hapo ndipo matatizo hujaa. Na ukumbuke kwamba alama ya gari jipya kabisa ni utabiri unaotegemea miaka iliyotangulia na historia ya kampuni. Shirika lenyewe lilijifunza hilo mwaka 2007, lilipoacha kupendekeza modeli mpya za Toyota moja kwa moja baada ya Camry ya V6 na Tundra ya V8 kufanya vibaya.

Madai ya kwenye matangazo siyasomi kabisa. Chevrolet ilitangaza kwamba magari yake yanategemewa kuliko ya Toyota, Honda na Ford, ikitumia utafiti wa kampuni ya Ipsos wa wamiliki wa magari ya 2015. Kampuni hizo tatu zilipinga, na Januari 2019 tangazo likaondolewa. Ujerumani mambo yalikuwa mabaya zaidi: mwaka 2014 ilibainika kwamba katika tuzo ya chama cha madereva ADAC, kura za gari lililoongoza, VW Golf, zilitangazwa kuwa 34,299 ilhali zilikuwa 3,409.

Ripoti ya TÜV, mashirika yanayokagua magari Ujerumani, ni jamii nyingine kabisa, nami naipenda kwa sababu haimuulizi mtu maoni. Gari jipya hukaguliwa likiwa na miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ripoti hukusanya ukaguzi wa takriban milioni 10. Inaona breki, taa, bushi, springi, oili inayovuja, moshi. Injini haifunguliwi, kwa hiyo gari linalokula oili linaweza kupita bila shida. Katika ripoti ya 2024, Tesla Model 3 ilikuwa ya mwisho kati ya magari ya miaka miwili hadi mitatu kwa asilimia 14.7 yenye kasoro kubwa. VW Golf Sportsvan ilikuwa na 2.0. Sehemu ya sababu ni kwamba gari la umeme hupunguza mwendo kwa mota, breki hazitumiki sana, diski zinashika kutu; na Tesla haina sevisi za lazima ambazo zingegundua hayo mapema. Ripoti huandika pia wastani wa kilomita za kila modeli. Usome pamoja na asilimia.

Kwa mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam, tatizo la kwanza ni kwamba gari lake mara nyingi halimo. Probox na Passo hazikuwahi kuuzwa Marekani. La pili ni jina: Passo imetengenezwa na Daihatsu, ambao waliiuza kama Boon, na Starlet mpya inayouzwa Afrika ni Suzuki Baleno yenye nembo ya Toyota. Si magari mabaya, lakini sifa ya Lexus na Camry kwenye orodha za Marekani haiyahusu. Tafuta ndugu wa kweli wa gari lako, yaani injini na giaboksi zilezile. Nissan X-Trail ya kizazi cha T32 ni ndugu wa Rogue ya Marekani, na zinatumia CVT, yaani giaboksi otomatiki zisizo na gia za hatua, za kampuni ya Jatco. Nissan iliongeza dhamana ya CVT ya Rogue za 2014 hadi 2018 kufikia miezi 84 au maili 84,000. Taarifa hiyo moja ina thamani kwangu kuliko nafasi yoyote ya Nissan kwenye orodha, na inakuambia la kufanya: kagua oili ya CVT, iendeshe ikiwa moto, sikiliza mtetemo unapoondoka taratibu.

Kuna hatari ambayo hakuna orodha iliyoiona, nayo ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani. Baruti yake ya amonia naitreti huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vyuma. Mombasa, Tanga na Zanzibar zina joto na unyevu huohuo mwaka mzima. Gari la soko la Japani lina namba ya chesisi, si ile ya tarakimu 17, kwa hiyo mtandao wa NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, hautalitambua. Ingiza namba hiyo kwenye ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji. Kama ni Toyota, andika mwanzo wa namba, kwa mfano NCP, pamoja na tarakimu zake zote, na ufanye hivyo kabla ya kulipa, wakati muuzaji bado anaweza kulirekebisha huko Japani.