TAHADHARI: mwalimu wa web dizaini mwenye wasifu wa kubuni, someni kabla hamjatuma hela

Wakuu habari zenu, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram anauza kozi ya web dizaini na animesheni za mtandaoni, mdogo wangu kamlipa ada yote na alipoanza tu kuuliza maswali akatolewa grupu, simu haipokelewi tena. Inaniuma sana maana hela ile aliidunduliza.

Wasifu wake ukiusoma unashawishika kabisa, eti dizaina mkuu kampuni za nje, studio yake ina miaka 15, na picha kavaa suti mbele ya kompyuta tatu. Mimi nafanya kazi hii hii ya tovuti, nikaanza kuchimba. Picha nikaipitisha Google Lens, ipo kwenye matangazo kibao ya watu wengine, ni picha ya kununua, wala siyo yeye. Domeni, yaani anwani ya tovuti ya hiyo studio, nikaicheki WHOIS, rejista inayoonesha domeni imesajiliwa lini, kumbe imesajiliwa juzi juzi tu. Haya, mtu anaweza kubadili domeni, nikaenda kwenye kazi zenyewe.

Hapo ndo nilichoka. Kuna tovuti ya hoteli anasema kaijenga yeye mwanzo mwisho, nikabonyeza Ctrl+U kuona chanzo cha ukurasa, yaani msimbo wake, juu kabisa kwenye komenti za msimbo jina la templeti ya kununua (muundo wa tovuti uliotengenezwa tayari) na jina la aliyeitengeneza vimekaa vile vile, hata kufuta hajafuta! Nyingine nikaitafuta kwenye Wayback Machine, ile ya Internet Archive inayotunza kurasa za zamani, kumbe toleo la nyuma limeandikwa chini studio nyingine kabisa ndo iliijenga.

Halafu anasema ameanza kuandika CSS, ile lugha ya kupanga muonekano wa tovuti, mwaka 1992. Jamani, CSS yenyewe Håkon Wium Lie aliipendekeza 1994 na toleo la kwanza likatoka 1996, huyu aliiandikia wapi? Na kwenye silabasi kaweka animesheni kwa Flash, teknolojia ya zamani ya kampuni ya Adobe, wakati Adobe waliacha kuihudumia Flash Player, programu ya kuichezesha, 31 Desemba 2020 na tarehe 12 Januari 2021 wakaanza kuizuia isicheze kabisa. Siku hizi hiyo kazi tunafanya kwa HTML5, CSS, SVG na JavaScript, ambazo kivinjari kinazisoma chenyewe. Kakopi silabasi ya zamani mahali, basi.

Sisemi mwalimu lazima awe na digrii, wapo wazuri sana waliojifunza wenyewe, wengine wametokea kwenye uchapaji au upigaji picha na wanafundisha vizuri kuliko wenye vyeti. Ila mwambie akuoneshe kazi moja, akueleze yeye alifanya sehemu gani na nani walifanya zingine, kisha ashee skrini ajenge ukurasa mdogo ukiwa unaona. Anayejua haoni shida. Huyu alipoombwa alijibu ni siri za wateja, na hapo hapo akaanza kumharakisha dogo alipie eti nafasi zinaisha.

Anabadilisha majina na namba, lakini maneno ya tangazo ni yale yale. Mliokwisha lipa msifute meseji, pigeni skrinishoti, tunzeni muamala na mripoti haraka kwa mtandao mliolipia na polisi. Na mnaotaka kuanza sasa hivi, tovuti za kujifunzia freeCodeCamp na MDN zipo bure kabisa, mkikwama popote niulizeni hapa hapa ntawajibu.