Busta ya majani kwenye ua wa kayaba: uzoefu wangu

Busta, mbolea ya maji ya kupulizia majani, niliinunua kwa sababu ya aibu. Ua wangu wa kayaba, ule mti wa miiba unaopandwa kama uzio, huku Limuru, ulikuwa umetimiza mwaka na bado kuku wa jirani walipita katikati ya mashina kana kwamba wanaingia kwao. Mpaka wa mita 40, miche 130 niliyopanda kwa nafasi ya sentimita 30, na iliyovuka goti ilikuwa ya kuhesabu. Kijana wa agrovet, duka la pembejeo za kilimo, akanitolea chupa ya lita moja: "Hii, mama, pulizia mara mbili tu, mwezi ujao utakuja kununua makasi." Shilingi 850. Nikatoa.

Sitasema ilikuwa maji matupu. Lebo ilitaja naitrojeni, fosforasi, potasiamu, na vimadini kama zinki na boroni, na baada ya siku kumi hivi majani yaliyokuwa yameanza umanjano yaligeuka kijani cha kung'aa. Nilifurahi hadi nikapiga picha. Lakini nilipoenda na futi kamba, mwezi mzima ua ulikuwa umeongeza upana wa vidole viwili. Mara ya pili nikapulizia saa saba mchana, jua la Februari, tena kipimo nimekizidisha kidogo kwa tamaa. Ncha za majani machanga zikaungua. Hilo ni langu. Lebo ilisema asubuhi au jioni.

Aliyenifumbua macho ni shosho, bibi mzee anayekaa ng'ambo ya barabara. Hakuuliza nimepulizia nini. Aliinama, akachokoa shinani kwa kijiti, akavuta uzi mrefu mweupe wa thangari, lile gugu la nyasi linalotambaa chini ya udongo, uliokuwa umejisokota kwenye mizizi ya kayaba. Akavuta mwingine. "Hapa unafuga thangari, mwanangu. Kayaba inalala njaa."

Basi nikaanza upya, na hapa ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Nililima nusu mita kila upande kwa jembe uma, nikiokota kila kipande cha thangari, maana kikibaki kidogo kinachipuka tena. Siku tatu, mgongo ukiuma. Mwezi wa Machi, kabla ya mvua, nikaweka samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, ile isiyonuka tena. Mvua iliposhika nikanunua CAN, mbolea ya chembechembe yenye naitrojeni, kilo tano za kupimiwa, nikaweka vifuniko viwili vya soda kwa kila mche, kwa kuzunguka, mbali kidogo na shina ili isiunguze. Juu nikatandaza nyasi kavu za kushika unyevu.

Halafu shosho akaniambia nikate. Nilibisha. "Shosho, mwaka mzima nimengoja ifike hapa, leo niikate?"

"Kata. Kayaba hailii kichwa."

Nikakata yote chini ya goti, moyo ukiniuma kuliko mgongo. Wiki tatu baadaye nikapiga magoti kuangalia: chini ya kila jeraha la makasi kulikuwa na vichipukizi vitatu, vinne, vikielekea pembeni badala ya juu, na miiba yake bado laini kiasi cha kuikunja kwa kidole. Ncha ikiachwa, mti hupeleka nguvu huko juu na matumbo yanabaki wazi, na kuku hapiti juu, anapita chini. Tangu hapo nakata kila mvua, chini nikiacha pana kuliko juu ili jua lifike hadi chini kabisa. Vaeni glavu za ngozi, za kitambaa ni mapambo tu. Mwiba uliokomaa ulinitobolea tairi la toroli.

Sasa ni mwaka wa pili. Ua unanifika kifuani, na kuku wanazunguka kupitia getini kama wageni wengine.

Busta naipa nyota mbili kati ya tano. Inarudisha rangi kwa mmea uliopungukiwa na madini, ila kwa ua wenye magugu na udongo mkavu ni kumpaka mgonjwa mafuta. CAN na samadi nyota nne. Ya tano naikata kwa sababu gunia moja la samadi nililoletewa mwanzo lilikuwa bichi, likaniletea magugu mapya.

Nusu chupa iliyobaki naipulizia sukuma wiki, jioni, kwa kipimo cha lebo. Huko kwa kweli inafaa.