Duka la mitishamba pale Kibuye: panya walishuka sukari, mamangu nusura tumpoteze

Duka liko hapa Kisumu karibu na soko la Kibuye, jina sitataja. Ni safi, mitungi imefunikwa, kijana wa hapo ana adabu, na ule unga wa karela na mwarobaini nikiuonja uchungu ulikaa kwa ulimi mpaka jioni. Mkebe ni 1,500.

Shida ni lebo, ati "imethibitishwa maabara". Nikauliza imethibitishwa kwa nani, akaniambia "brathe, kwa panya, sukari ilishuka kabisa". Sasa mimi nimefanya kazi miaka minne kwa nyumba ya wanyama wa maabara, nikilisha panya na kuwapima, kwa hivyo hilo neno lilinishika haraka na hapo ndio nilikosea, nikanunua mkebe nikampa mamangu.

Wacha niwaambie venye hufanywa. Panya wa gramu 200 hivi hana kisukari, ni wewe unampa. Unamdunga aloksani, inaua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ile inayoshusha sukari ya damu, na hizo seli zikipasuka zinamwaga insulini yote kwa mpigo, so usiku huo lazima umwekee maji ya glukosi la sivyo asubuhi unampata amekufa juu ya sukari kushuka. Baadaye ndio inapanda na kubaki juu. Unatoboa ncha ya mkia, tone moja kwa glukomita, ile mashine ya kupima sukari, alafu unawagawa: hawa maji matupu, hawa dawa ya mti kwa miligramu kulingana na uzani, hawa glibenklamidi, tembe ya hospitali ya kushusha sukari, ndio ulinganishe. Chakula ni kimoja kwa wote.

Mamangu ana kilo 74 na kisukari chake ni aina ya pili, kongosho bado inatoa insulini ila mwili hauitumii vizuri. Kila siku anakunywa tembe za sukari mbili, metformini na hiyo hiyo glibenklamidi. Panya wetu walipata mti AMA tembe, hakuna hata mmoja alipewa zote mbili. Mama alipewa zote mbili! Na dukani hakuna aliyeuliza anatumia dawa gani. Lebo imesema kijiko mara mbili kwa siku, kijiko gani sasa, cha chai ama cha supu? Namba ya usajili ya Pharmacy and Poisons Board, wale wa serikali wanaosajili dawa, nimeitafuta pande zote za mkebe, haiko.

Usiku wa nne, saa nane, nikasikia mama akiniita "Baba, kuja, natetemeka". Nguo ya kulala imelowa jasho, vidole baridi. Glukomita ikasoma 2.9, sukari imeshuka sana. Nikakoroga sukari kwa kikombe cha maji nikamshikia akinywa, na nikawakumbuka wale panya na chupa zao za glukosi. Robo saa baadaye 4.6, nikampa chai na mkate. Asubuhi kliniki daktari akasimamisha unga.

Miti siipingi hata kidogo, metformini yenyewe ilitokana na kuchunguza mmea unaitwa galega na Wafaransa wakaanza kuitumia kwa watu 1957. Lakini hapo katikati kulikuwa na kazi ya miaka na miaka.

Jumatatu nikarudisha mkebe. Kijana alinipa kiti, akanisikiza mpaka mwisho, pesa hakurudisha. Nikamwomba awe anauliza kila mtu wa sukari anakunywa tembe gani kabla afungue mtungi, akasema ataandika na kubandika kaunta. Nimeweka nyota mbili. Nikipita nipate hiyo karatasi iko nitaongeza ya tatu.