Mtandao wao unavumilika, huduma kwa wateja ndio imenishinda

Mambo vipi jamani, karibuni. Leo sina simu mpya wala chaja, leo nachambua laini, hii ninayoitumia kila siku. Kampuni siitaji, maana haya ninayosema inawezekana na wewe unayapata kwenye laini yako.

Haya, angalieni hapa juu kwenye kioo, mnaona? Mistari imejaa yote, 4G imeandikwa, halafu nafungua video inazunguka tu, inazunguka, hata picha ya WhatsApp haishuki. Wengi wakiona hivi wanajua simu ndio mbovu wanaenda kwa fundi. Sikiliza, ile mistari inaonyesha nguvu ya mawimbi kati ya simu yako na mnara, basi, haikwambii kwenye huo mnara mko wangapi. Mnara una uwezo wake na mkiwa wengi mnagawana, ndio maana usiku wa manane intaneti inakimbia halafu jioni watu wakirudi majumbani inakufa. Ukitaka kipimo chenyewe, kwenye Android nyingi ingia settings, kuhusu simu, halafu hali ya SIM, utakuta namba ya hasi imeandikwa dBm. Ikiwa kwenye -80 hivi mawimbi yako vizuri, ikifika -110 ni hafifu. Yangu hapa inasoma -82, yaani mawimbi ninayo, simu nzima, kinachogoma ni upande wao.

Na hilo mimi ningelivumilia, kweli kabisa, minara inazidiwa, nyaya zinakatwa, mitambo inaharibika. Kilichonichosha ni huduma kwa wateja.

Unapiga, unaambiwa bonyeza 1, bonyeza 2, unasikilizishwa tangazo la bando jipya wakati hata hilo ulilonunua halifanyi kazi, muziki unapigwa weee halafu simu inakata. Unapiga tena unaanza mwanzo. Ukibahatika kumpata mtu, cha kwanza "zima simu kisha uwashe". Nimeshazima dada! "Basi toa laini urudishe." Nimetoa! Namsomea mpaka hiyo dBm, anasema atalifikisha kitengo cha ufundi. Sawa, nashukuru, nakata. Sasa oneni meseji hii hapa, wameniandikia "Ndugu mteja, tatizo lako limeshughulikiwa, asante kwa kuwa nasi". Limeshughulikiwa na nani? Hakuna aliyenipigia, hakuna aliyeuliza niko eneo gani, na video bado inazunguka hivi hivi mnavyoiona. Nikipiga tena yule mwingine anasema kwenye mfumo naona lalamiko lako limefungwa, kwa hiyo tunafungua jipya, na unaelezea yote upya kama hawajawahi kukusikia. Hii ndio inaniuma, kwa sababu wale wanaopokea simu siwalaumu sana, wanasoma walichoandikiwa, ila kuna mtu huko juu kaamua kwamba kufunga lalamiko ndio kulitatua.

Na bando muda wake unaendelea kuisha, hakuna wa kukurudishia.

Kwa hiyo ukipiga, kabla hujakata omba namba ya lalamiko, andika na tarehe na saa, piga skrinshoti ya hiyo dBm na ya kipimo cha spidi. Wakilifunga bila kutatua, peleka vyote kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini kwako, mara nyingi watakuuliza kwanza kama ulianzia kwenye kampuni na hapo una ushahidi mkononi.

Maksi zangu: kupiga na kupokea simu 4 kwa 5, sina neno. Intaneti 2. Huduma kwa wateja nawapa 0, na sijakasirika tu, ndio wanachostahili. Mimi nahama, na nahama na namba yangu ile ile kwa sababu nchi nyingi sasa zinaruhusu. Na wewe ukitaka kuhama, salio la vocha na bando havihami na namba, vitumie viishe kwanza, deni kama ulikopa salio lilipe, na hela iliyoko kwenye akaunti ya simu itoe yote kabla hujaomba kuhama.