Maktaba ya African Storybook na ufundishaji wa vipengele vya hadithi kwa watoto wadogo

Mzazi au mwalimu wa chekechea anayetafuta nyenzo za kumwonyesha mtoto jinsi hadithi inavyojengwa hana haja ya kuingia gharama kubwa. African Storybook, maktaba ya mtandaoni iliyozinduliwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, inatoa bure vitabu vya picha katika lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Vitabu hivyo husomwa kwenye simu, hupakuliwa na kuchapishwa, na leseni zake huria zinaruhusu kuvitafsiri na hata kuvirekebisha.

Kinachonivutia zaidi ni sehemu ya kutungia, yenye hazina yake ya picha. Niliandaa humo hadithi fupi ya mbuzi aliyevamia bustani ya bibi, nikaichapisha, nikatenganisha kurasa na kuwapa watoto wa miaka mitano wazipange mkekani. Wahusika waliwataja bila kusita, na mandhari nayo haikuwashinda, kwani nyumba na bustani vilikuwa pichani. Palipowatatiza ni kwenye tatizo la hadithi lenyewe, kwa sababu picha humwonyesha mbuzi anatafuna mchicha lakini haionyeshi kwamba bibi aliutegemea mchicha huo kwa kuuza sokoni. Nilipoficha kurasa za mwisho na kuuliza bibi atafanyaje, mmoja alisema atamfunga mbuzi kamba, mwingine akashikilia kwamba mbuzi atachinjwa sikukuu, na katika kubishana huko kila mmoja akalazimika kueleza bibi amepoteza nini. Hapo tatizo na suluhisho vilieleweka bila mimi kuvitaja kwa majina yake ya darasani, ambayo kwa umri huo naona yanaweza kusubiri.

Tahadhari moja inahusu ngazi. Vitabu vimepangwa katika ngazi 5, kuanzia vile vya maneno ya mwanzo hadi vile vya kusomewa kwa sauti, na ni rahisi kudhani kwamba mtoto mdogo aanze na ngazi ya kwanza. Kwa kujifunza kusoma ni sawa; lakini vingi vya ngazi hiyo ni orodha ya vitu au vitendo, hakuna anayetaka jambo wala anayezuiwa kulipata. Kwa somo hili ni afadhali kuchukua kitabu cha ngazi ya juu zaidi na wewe mwenyewe kumsomea mtoto.

Kwa kuwa yeyote aweza kuchapisha tafsiri yake humo, ufasaha wa Kiswahili hutofautiana. Hadithi zilizoidhinishwa na wahariri huwekewa alama, lakini hata hizo ni vyema kuzisoma kwanza. Ukichapisha nyeusi na nyeupe utapunguza gharama, na kwa zoezi la kupanga kurasa rangi hazihitajiki.