Kompyuta za ofisi: nunua ile ambayo draiva zake utazipata

Juzi niliitwa ofisi moja ya uwakala wa forodha, hatua chache kutoka bandari ya Tanga. Walikuwa wameagiza laptopu tisa za mtumba kutoka Dar, zikaja na basi. Mashine tisa, aina nne. Ya kwanza kuipiga Windows, yaani kuiweka upya, tulipofika pa kuchagua diski, orodha ikawa tupu. Kijana aliyenitangulia alishamwambia mzee mwenye ofisi kwamba diski imekufa, inunuliwe nyingine.

Diski ilikuwa nzima. Mashine ni Dell Latitude 5420, Intel ya kizazi cha 11, na kuanzia hapo kwenda juu kuna kidhibiti kiitwacho VMD kinachokaa kati ya Windows na diski. Flashi ya kawaida ya Windows mara nyingi haina draiva yake, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa. Nikapakua draiva ya Intel Rapid Storage kwa simu, nikaihamishia kwenye flashi, nikabonyeza pa kupakia draiva, diski ikajitokeza.

"Kwa hiyo pesa ya diski tunanywea chai, mwanangu?"

"Kunywa mzee, hakuna kilichokufa."

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue kompyuta gani kwa ofisi yenye watu kumi, RAM naiweka kando kwanza. Nauliza draiva zinapatikana wapi, na kama naweza kuziweka kwenye mashine zote bila kumaliza bando. Kwa kipimo hicho, mpangilio wangu ni huu.

1. Dell Latitude, na OptiPlex kwa za mezani. Geuza mashine, utaona Service Tag yenye herufi na tarakimu 7. Iandike kwenye tovuti ya Dell na draiva za mashine hiyo hiyo zinakuja. Ila raha yenyewe ni furushi: Dell hutoa draiva za modeli nzima kwa pamoja, draiva tupu bila mbwembwe. Unapakua mara moja, unafungulia kwenye flashi, kisha kwenye kila mashine unaandika amri moja kwenye Command Prompt ukiwa na haki za msimamizi:

pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install

Herufi D ibadilishe kulingana na flashi yako. Unaenda kunywa maji, ukirudi sauti ipo, waifai ipo, kamera ipo. Baada ya hapo naweka Dell Command Update peke yake kwa ajili ya masasisho. SupportAssist, programu yao nyingine ya msaada, nikiikuta naiondoa. Kazi moja haihitaji vibarua wawili.

2. HP EliteBook, ProBook na ProDesk. Chombo chao ni HP Image Assistant. Kinaisoma mashine, kinailinganisha na orodha ya HP, kinakuonyesha kilichopungua na kukiweka. Usikichanganye na HP Support Assistant, ile ya watu wa nyumbani. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya kero ndogo: kwenye baadhi ya modeli, vitufe kama cha kunyamazisha maikrofoni vinagoma mpaka uweke programu yao ya vitufe, na mtumiaji atakupigia simu akisema kibodi mbovu.

3. Lenovo ThinkPad. Imezidiwa kwa unywele. Kama ofisi yako ina seva, ipandishe iwe ya kwanza: Update Retriever inashusha masasisho mara moja kwenye folda ya seva, na mashine zinachota humo kwa System Update. Pia programu yao ya Vantage inakuruhusu kuzuia betri isijae kupita kiwango unachotaka, tuseme asilimia 80. Kwa joto letu hili, laptopu imechomekwa kwenye chaja tangu asubuhi mpaka ofisi inafungwa, betri hazichelewi kuvimba. Dell na HP za kiofisi nazo zina mpangilio wa namna hiyo ndani ya BIOS, ile programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows, ila wachache huingia huko.

4. Inspiron, Pavilion, IdeaPad: za nyumbani za Dell, HP na Lenovo. Mpya dukani zinavutia. Draiva zipo, ila jina moja laweza kubeba kadi tofauti za waifai, na zinakuja zimejaa programu za majaribio. Ukizinunua, futa kila kitu upige Windows safi.

5. Mchanganyiko wa bei poa. Ndizo zile tisa za aina nne. Kazi ya nusu siku ilinichukua siku mbili.

Usidhani kuna mtengenezaji asiye na doa. Mwaka 2015 Lenovo walikutwa na Superfish, programu ya matangazo iliyohatarisha usalama wa mtandaoni, kwenye laptopu zao za nyumbani; ThinkPad hazikuwamo. Mwaka 2017 draiva ya sauti kwenye baadhi ya HP ilikutwa ikiandika kila kitufe kinachobonyezwa. Mwaka 2021 draiva ya Dell ya kusasishia BIOS ilikutwa na tundu lililodumu tangu 2009. Kwa hiyo weka chombo kimoja cha masasisho, na kiwe kinasasishwa chenyewe.

Windows Update nayo inaleta draiva nyingi, mradi mtandao upo. Windows 11 inadai intaneti wakati wa kuanza, na waifai bado haina draiva. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, songa mbele. Zile programu zinazodai draiva zako 27 zimepitwa na wakati, ziache huko huko.

BIOS isisasishwe kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Umeme ukikatika katikati, unaweza kubaki na sanduku la kuzuilia mlango. Kama BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kulinda diski, imewashwa, isitishe kwanza na uhifadhi ule ufunguo wa tarakimu 48.

Kabla hujalipa, iwashe mbele ya muuzaji. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo unahitaji mashine inayokubali Windows 11, Intel iwe ya kizazi cha 8 au zaidi: EliteBook 840 G5, ThinkPad T480, Latitude 5490, na usome nambari ya prosesa yenyewe. Ingia BIOS uone kama haina nywila. Iunganishe na intaneti, uirudishe Windows mwanzo kabisa (Reset). Ikikukaribisha kwa jina la kampuni ya Ulaya, bado imesajiliwa kwao, rudisha. Muuzaji wa mtumba ni waja leo waondoka leo, dai risiti ya EFD.

Flashi ya draiva nilimwachia mzee. Ameitundika msumarini pamoja na ufunguo wa stoo.