Linksys WRT3200ACM na OpenWrt: nakili mipangilio ya butiloda kwanza

Hamjambo ndugu zangu, karibuni. Hii hapa mezani ni ruta ya Linksys WRT3200ACM, ile buluu na nyeusi yenye antena nne. Prosesa ni Marvell ya GHz 1.8, RAM MB 512, flashi MB 256. Kwa OpenWrt, fimwea huria ya ruta, nafasi ni tele.

Utamu wake ni kwamba flashi ina vyumba viwili vya fimwea, yaani programu inayoendesha ruta. OpenWrt ikiingia kimoja, fimwea ya kiwandani hubaki kingine. Ndiyo maana watu hujiachia. Lakini butiloda, programu ndogo inayoiwasha ruta, ni moja tu, na mipangilio yake ndiyo inayoamua kipi kiwashwe. Ikivurugika, vyumba vyote viwili havikufai kitu.

Anayetaka usalama kamili aingie kwa adapta ya USB-TTL, inayounganisha kompyuta na pini za ndani za ruta, kabla ya kuweka chochote. Volti 3.3, si 5! Unganisha GND, TX na RX peke yake, kasi 115200, simamisha butiloda, andika printenv ikuonyeshe mipangilio, hifadhi yote inayotoka.

Huna adapta? Weka OpenWrt, na kabla hujagusa kingine ingia kwenye ruta kutoka kompyuta kwa SSH, andika:

fw_printenv > /tmp/env.txt

Tazameni ndani ya faili hiyo: boot_part=2, yaani chumba kinachowashwa, na chini auto_recovery=yes. Sasa andika cat /proc/mtd, uone orodha ya sehemu za flashi. Mnaiona u-boot, u_env, s_env, devinfo? Zitoleeni nakala zote. Devinfo ndiyo yenye anwani ya MAC ya ruta yako, na ya mwenzio haikufai.

Halafu /tmp ni RAM. Stima ikikatika, nakala nazo zimekwenda, na stima ya Mombasa mnaijua wenyewe. Zihamishe papo hapo kwenye laptopu kwa amri ya kunakili faili, scp -O.

Na hiyo auto_recovery: ruta ikikatizwa mara tatu mfululizo kabla haijamaliza kuwaka, huhamia chumba kingine. Stima ya kucheza-cheza jioni kule Majengo, mteja anakupigia, "Ndugu yangu, paswadi imekataa," kumbe ruta imerudi kwenye fimwea ya kiwandani. Mwekee UPS ndogo, betri ya kushikilia stima ikikatika.

Kwa Wi-Fi siisifu. Draiva yake kwenye OpenWrt, mwlwifi, imeachwa bila kuendelezwa kwa miaka. Kwa waya, ukiipata ya mtumba kwa bei ya maana, chukua. Wi-Fi itoe kifaa kingine.